Swali la Bethzatha kwa mlevi tunayemkwepa

Katika Injili ya Yohana, sura ya 5, Yesu anafika kwenye birika la Bethzatha na kumkuta mtu aliyeugua miaka 38. Anamuuliza kama anataka kuponywa. Swali la ajabu. Nani alale miaka yote hiyo kando ya maji asitake kupona? Yule mgonjwa hata hajibu ndiyo. Anaeleza kwamba hana mtu wa kumtia majini, na kwamba kila akijaribu mwingine humtangulia. Yesu hamkemei kwa jibu hilo.

Nililikumbuka swali hilo niliposoma habari za kliniki ya Fenway Health, iliyopo Boston, Marekani. Ilianzishwa 1971, na inajulikana kwa kuwahudumia wanaume wanaopenda wanaume wenzao, pamoja na wale wanaopenda wanaume na wanawake. Najua wapo watakaokunja gazeti hapa. Wavumilie kidogo. Mjadala wa mafundisho kuhusu mahusiano hayo siuanzishi leo. Nazungumzia pombe, na watu wanaougua.

Baadhi ya wanaume hao wanaishi na VVU na wanakunywa kupita kiasi. Sababu zake si ngumu kuelewa. Kwa miaka mingi baa ilikuwa miongoni mwa mahali pachache walipoweza kukutana bila kujificha; hata ghasia za New York za 1969, zilizochochea madai yao ya haki, zilianzia katika baa iitwayo Stonewall Inn. Wengine walifukuzwa nyumbani. Wengine walikaa kwenye viti vya kanisa wakisikia watu wa aina yao wakitajwa kama laana. Mtu mwenye aibu hunywa ili asahau, na akilewa husahau hata vidonge.

Watafiti waliwachukua wanaume 180 wa aina hiyo, wote wakiishi na VVU na wakinywa sana, wakawagawa kwa bahati nasibu. Wengine waliendelea na huduma ya kawaida. Wengine waliongezewa mazungumzo na mshauri. Hakuna aliyetishwa wala kuapishwa kuacha. Mshauri alimwonyesha kila mmoja hali yake, anakunywa kiasi gani na afya yake ikoje, kisha akamuuliza yeye mwenyewe anaonaje. Mwaka ulipotimia, walioongezewa mazungumzo walikuwa wakinywa pungufu kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa 2018.

Njia hiyo aliieleza kwa mara ya kwanza mwanasaikolojia Mmarekani William Miller, mwaka 1983. Ina swali moja ninalolipenda: kati ya 0 na 10, kupunguza pombe kuna umuhimu gani kwako? Tuseme mtu anajibu 4. Sisi wa kanisani tungemrukia: mbona si 10? Naye angeanza kujitetea. Mshauri huuliza kinyume chake: mbona hukusema 1? Hapo mlevi mwenyewe huanza kumtaja mama anayemtegemea, kazi iliyo mbioni kupotea, ini linalomsumbua. Anajihubiria, na mahubiri hayo anayasikia.

Wapo walioacha pombe kwa kukemewa, siwapuuzi. Lakini kwa mtu aliyekwisha kukemewa na kila mmoja, karipio letu ni moja tu zaidi. Na anayeficha mambo mawili, VVU na nani anampenda, hatakuja kwetu kukiri la tatu ikiwa anajua tutaanza na yale mawili.

Kazi hii si ya madaktari peke yao. Eldoret, nchini Kenya, wagonjwa wa VVU waliokuwa wanakunywa sana walisaidiwa katika vikundi, kwa njia tofauti kidogo, na washauri wasio madaktari waliofundishwa kazi hiyo. Wazee wa kanisa na akina mama wanaotembelea wagonjwa wanaweza kujifunza vivyo hivyo.

Lipo jambo wanaloweza kuanza nalo wiki hii. Wapo wagonjwa wanaoamini kwamba pombe ikichanganyika na ARV hugeuka sumu, hivyo siku ya kunywa huruka vidonge. Kuruka dozi ndiko kunakovipa virusi nafasi. Anayekunywa asaidiwe kupunguza, lakini hata usiku aliokunywa ameze dawa zake kama kawaida. Basi ukimtembelea kijana akakuambia jana alilewa, muulize kwanza kama alimeza dawa, kisha mwache aongee.