Mbwa Asiyesikia Ni Hasara Shambani

Mafunzo ya mbwa wa bunduki yanayomfaa mkulima wa skimu

Asubuhi moja wakati wa mvua, mkulima mmoja wa skimu huko Kinangop alifungua zizi lake akakuta kondoo wanne wamekufa. Shingo zao zilikuwa zimeraruliwa, lakini nyama ilikuwa haikuliwa ila kidogo tu. Mkulima akasema, "Huyu ni fisi." Akamwita mzee jirani yake ili waende pamoja kutoa habari kwa chifu.

Mzee alichuchumaa kwanza, akatazama nyayo katika matope. Kisha akasema, "Kijana wangu, fisi akila kondoo, hata mifupa haibaki. Huyu aliua kwa mchezo. Mbwa wako yuko wapi?"

Mbwa alikuwa amelala nyuma ya ghala, ametulia kabisa, na manyoya ya kondoo yameganda kifuani pake pamoja na damu.

"Lakini Mzee, mbwa huyu nimemlea mwenyewe tangu alipokuwa mdogo!"

"Kumlisha, umemlisha," mzee akajibu. "Kumlea ni kazi nyingine."

Ndugu wakulima, maneno hayo yatuhusu wengi. Ng'ombe wa maziwa twamchanja, twamwogesha dawa ya kupe, na twaandika hesabu ya maziwa yake. Lakini mbwa hupewa mabaki tu, hufungwa mnyororo mchana kutwa, na usiku huachwa aende apendako. Kisha akituletea hasara, twashangaa.

KAZI YA MBWA WA BUNDUKI

Mzee yule alijifunza kazi ya mbwa alipokuwa kijana, katika shamba kubwa la Mzungu, kabla mashamba ya namna hiyo hayajanunuliwa na kugawanywa katika Mpango wa Ekari Milioni Moja ulioanza mwaka 1962. Alikuwa mtunzaji wa mbwa wa bunduki, yaani mbwa waliokwenda na mwindaji wa ndege kutafuta kwale majanini na bata mabwawani.

Mbwa hao ni wa namna nyingi. Pointer akisikia harufu ya ndege husimama kimya, pua yake ikielekea pale ndege alipojificha. Spaniel huingia kichakani na kuwarusha ndege. Labrador hungoja mpaka ndege aanguke, kisha huenda kumchukua na kumleta mkononi mwa bwana wake bila kumtafuna. Asili ya Labrador ni kisiwa cha Newfoundland, Kanada, ambako mababu zake waliwasaidia wavuvi kazini. Na huko Uingereza alianza kuandikwa rasmi kuwa aina ya pekee mwaka 1903.

Uwindaji wa wanyama pori ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na leo mkulima haruhusiwi kuchukua bunduki akawinda apendavyo. Lakini mafunzo ya mbwa wale bado yana faida kubwa. Fikirini: mbwa huyo alipita katikati ya kondoo na kuku wa shamba zima bila kuwagusa. Alishika ndege mdomoni, naye ana njaa, asimle. Alisikia mlio wa bunduki, asikimbie. Kama mbwa aweza kufundishwa hayo, hashindwi kulinda boma lako bila kuua kondoo wako. Wala si lazima awe mbwa wa kutoka ng'ambo. Mbwa wetu wa kienyeji ana akili na ana nguvu. Linalokosekana ni mwalimu.

KUCHAGUA MTOTO WA MBWA

Usimchukue mtoto wa mbwa kabla hajatimiza majuma manane. Kabla ya hapo mama yake na ndugu zake humfundisha asiume kwa nguvu. Mtazame mama: kama ni mkali bila sababu, au ni mwoga mno, tafuta kwingine. Kisha tupa funguo chini karibu na watoto wake. Atakayeshtuka kidogo kisha akaja kunusa, huyo ndiye. Anayekimbia na kujificha moja kwa moja atakusumbua.

Tangu juma la tatu mpaka la kumi na nne mbwa mdogo hujifunza ni vitu gani vya dunia si vya kuogopwa. Basi katika siku hizo mwonyeshe watoto, wazee, ng'ombe, kondoo, kuku, trekta na pikipiki. Fanya hivyo polepole, ukimbeba au ukimshika kwa kamba, kwa sababu chanjo zake bado hazijakamilika. Usimpeleke mahali penye mbwa koko.

FUNDISHO LA KWANZA: KUITIKA

Mpe jina fupi, na watu wote wa nyumbani walitumie hilo hilo. Kila umpapo chakula, piga filimbi mara nyingi kwa kifupi, kisha mwite. Baada ya siku chache atakuja mbio akisikia filimbi, hata kama sahani haipo. Filimbi ni bora kuliko sauti, maana husikika mbali, wala haionyeshi hasira.

Hapa wakulima wengi hukosea. Mbwa huitwa, hukawia, na hatimaye akija hupigwa. Mwenye mbwa hudhani amemwadhibu kwa kukawia. Lakini mbwa haelewi hivyo. Yeye huona amepigwa kwa sababu amekuja. Siku nyingine hatakuja kabisa. Kwa hiyo, hata akichelewa namna gani, akifika mikononi mwako msifu. Kama hasikii, mfunge kamba ndefu ya mita kumi, mwite, na asipokuja mvute kwa upole mpaka afike, kisha msifu.

FUNDISHO LA PILI: KETI NA NGOJA

Shika kipande kidogo cha chakula juu ya pua yake, ukisogeze nyuma. Kichwa kitainuka na makalio yatashuka chini. Hapo hapo sema "Keti", umpe. Akishazoea, mwambie "Ngoja", urudi nyuma hatua moja, kisha rudi kwake umpe. Kesho hatua mbili, keshokutwa tano. Mwendee yeye pale alipoketi. Usimwite kila mara, maana atajifunza kuondoka badala ya kungoja.

Mlio mmoja mrefu wa filimbi uwe na maana ya "Simama, keti". Mbwa wa bunduki aliketi kwa mlio huo hata akiwa mbali majanini. Kwa mkulima, mlio huo waweza kumzuia mbwa asimkimbilie mtoto wa shule apitaye njiani au mwenye baiskeli.

Fundisha dakika tano asubuhi na dakika tano jioni. Ukiongeza, mbwa huchoka na kusahau. Nawe ukiwa na hasira, usifundishe siku hiyo.

FUNDISHO LA TATU: ACHA

Hili ndilo fundisho ambalo lingaliokoa wale kondoo wanne. Mfunge mbwa mdogo kamba, upite naye karibu na kondoo kila siku. Akiwakazia macho au akivuta kamba, sema "Acha" kwa sauti nzito, geuka uende upande mwingine. Akikufuata, mpe kitu kitamu. Baada ya majuma kadhaa atawaona kondoo naye atageuka kukutazama wewe. Fanya vivyo hivyo kwa kuku na ndama. Usimfungue katikati ya mifugo mpaka umehakikisha, na usiwaruhusu watoto kumchochea akimbize kuku kwa mchezo. Mchezo wa mchana ndio mauaji ya usiku.

Na mbwa aliyefundishwa hivyo, bado usimwache azurure usiku. Mbwa wawili au watatu wakikutana gizani hufanya mambo ambayo mmoja peke yake hathubutu. Wape ua uliofungwa vizuri, walinde boma wakiwa ndani yake.

CHAKULA CHA MBWA

Mbwa mwenye njaa hutafuta chake mwenyewe, na ajuacho kutafuta ni yai la jirani. Ugali peke yake hautoshi. Changanya na omena, maziwa au mchuzi wa mifupa, na nyama iliyopikwa ikipatikana. Mtoto wa mbwa apewe chakula mara tatu au nne kwa siku. Mkubwa mara mbili. Maji safi yawepo saa zote. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwani huvunjika kuwa kama sindano na kumchoma matumbo.

Jambo moja lina hatari kubwa: mahindi yenye ukungu. Wengine husema, "Haya hayafai kwa watu, tumpe mbwa." La! Sumu ya ukungu huo, iitwayo aflatoksini, huharibu ini, na mbwa hudhurika upesi sana. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika sehemu za Ukambani na jirani zake. Mahindi yaliyooza yasipewe mtu, ng'ombe, kuku wala mbwa.

MINYOO YA TEGU: USITUPE MAINI YENYE VIFUKO

Siku ya kuchinja kondoo, watu hukuta vifuko vya maji katika maini au mapafu, hukata sehemu hiyo na kumtupia mbwa. Kufanya hivyo ni kupanda ugonjwa nyumbani mwako. Katika vifuko hivyo mna vichwa vya tegu mdogo sana. Akiliwa na mbwa, hukua tumboni mwake, na mayai yake hutoka na mavi ya mbwa, hushika majani, maji na mikono ya watoto. Mtu akiyameza, vifuko humwota katika ini au mapafu, na huenda akahitaji kupasuliwa. Ugonjwa huu umewatesa sana watu wa Turkana, hata mwaka 1983 shirika la AMREF lilianzisha kazi ya kuuzuia huko.

Kichwa cha kondoo nacho kina hatari yake. Tegu wa namna nyingine hutoka kwa mbwa na kuingia katika ubongo wa kondoo, naye huzungukazunguka mahali pamoja mpaka afe.

Kinga ni rahisi. Sehemu mbovu zichomwe, au zifukiwe kwenda chini sana mbwa wasiweze kufukua. Usimpe mbwa matumbo wala kichwa kibichi. Mwulize daktari wa mifugo dawa ya tegu, naye atakuambia kipimo na wakati wa kurudia. Na watoto wanawe mikono kila wakimshika mbwa.

KUPE NA FUNZA

Kupe huleta homa ya damu kwa mbwa: hukataa kula, ufizi huwa mweupe, na mkojo huweza kuwa mwekundu. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Mkague kila jioni masikioni, shingoni na katikati ya vidole. Usimwogeshe kwa dawa ya josho la ng'ombe kwa kukisia tu. Baadhi ya dawa hizo, au kipimo kikizidi, zaweza kumwua. Fagia banda lake na ulinyunyize maji vumbi lisizidi, kwani funza hupenda vumbi, nao wakitoka kwa mbwa huingia miguuni mwa watoto.

KICHAA CHA MBWA

Mwisho ni jambo lililo kubwa kuliko yote. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishaonekana kwa mtu hakuna dawa ya kumponya. Tangu mwaka 2014 Kenya ina mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa watu ifikapo mwaka 2030. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kwa hiyo chanjo ya mbwa wako si mambo yako peke yako. Ni ukuta wa skimu nzima, na asiyechanja ameacha pengo.

Mbwa achanjwe akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Weka cheti pamoja na hati zako za shamba. Mbwa akibadilika tabia, akitokwa na mate, akishindwa kumeza au akiuma ovyo, usimkaribie. Mwite afisa wa mifugo.

Mtu akiumwa, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo upate chanjo. Usifunge jeraha kwa majani, wala usingoje kuona kama mbwa atakufa. Mbwa aliyefundishwa huja akiitwa siku ya chanjo, naye hukubali kushikwa. Yule asiyesikia hubaki vichakani, bila chanjo.

YULE MKULIMA WA KINANGOP

Mbwa aliyekwisha kuua kondoo ni vigumu sana kumwachisha. Yule mkulima alijaribu kumfunga, lakini siku alipokata kamba alikwenda kwa jirani, na mwisho wake haukuwa mzuri. Mkulima alilipa fidia, akabaki hana kondoo wa jirani wala mbwa.

Mwaka uliofuata alichukua mtoto mwingine wa mbwa, wa kienyeji, na safari hii mzee alikuja jioni kwa jioni na filimbi yake ya zamani. Leo mbwa huyo hulala langoni. Mgeni akija hubweka. Bwana wake akipiga filimbi, hunyamaza na kuketi, na kondoo hupita mbele ya pua yake wakienda malishoni.

Ndugu mkulima, filimbi si ghali. Dakika tano hazipunguzi kazi ya shamba. Anza jioni ya leo.