Uteuzi wa Karatasi katika Ushonaji wa Viraka

Katika ushonaji wa mifarishi ya viraka ipo mbinu ambayo kwayo vitambaa hushonewa juu ya karatasi iliyochorwa mistari. Fundi hupanga vitambaa upande usio na mchoro, akaigeuza karatasi, kisha akapitisha cherehani juu ya mstari. Ncha ya nyota, ambayo aghalabu hupotoka ikitegemea jicho pekee, hutoka kali kama ilivyochorwa. Kazi ikiisha, karatasi huchanwa na kutupwa.

Sivyo ilivyokuwa katika mbinu kongwe ya Uingereza, ambamo kitambaa hukunjwa kuzunguka karatasi na kuunganishwa kwa mkono. Tandiko moja la hariri la aina hiyo, lenye tarehe ya 1718, lingali na karatasi zake ndani. Katika mbinu ya mistari, karatasi sharti itoke. Kwa hiyo hudaiwa sifa mbili zinazopingana: istahimili sindano na pasi, kisha iachane na uzi bila ukaidi.

Hapa ndipo wengi hupoteza kazi ya siku nzima. Karatasi ya ofisini, ya gramu 80 kwa mita mraba, hupatikana kwa urahisi na hupita katika printa bila taabu. Lakini ni ngumu kuchanika, na ikivutwa kwa nguvu mishono hulegea, hasa pembezoni. Karatasi ya magazeti isiyochapwa ni nyepesi na huchanika vizuri. Iliyochapwa haifai kabisa, kwani wino wake huchafua kitambaa cheupe. Karatasi angavu ya kunakilia michoro humwonyesha fundi mahali kitambaa kilipo, ila baadhi yake hujikunja chini ya pasi. Ipo pia iyeyukayo majini, nayo huwafaa wenye vipande vidogo mno, mradi vitambaa visiwe vya kuchuja rangi.

Hata hivyo, karatasi njema huweza kulaumiwa kwa kosa la mshono. Urefu wa kawaida wa mshono, takriban milimita 2.5, hupunguzwa hadi 1.5 hivi, na sindano namba 90 hutumiwa ili matundu yawe makubwa na ya karibu. Yakikaribiana kupita kiasi, karatasi hukatika ingali cherehanini, na kufumua huwa adhabu.

Kabla ya kununua bunda zima, fundi hushona vipande viwili vya majaribio, akachana karatasi, kisha akautazama mshono dhidi ya mwanga. Uzi ukionekana umeachama kati ya vitambaa, karatasi hiyo hurudishwa mezani kwa kazi ya kuandikia.