Je, Wajua? Video ya Longonot na Matatizo ya Kuihariri

Ukingo wa kreta ya Longonot, mlima wa mita 2,776 karibu na Naivasha, huwafanya wapandaji wajaze simu zao video. Kabla ya kuikatia tamaa programu yako ya kuhariri, je, wajua kwamba:

• Sauti isipoendana na midomo, chanzo mara nyingi ni simu? Simu nyingi hubadilisha idadi ya picha kwa sekunde kadiri mwanga unavyobadilika, na programu zingine huchanganyikiwa. Pitisha video kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure, ukichagua kasi ya picha isiyobadilika.

• Taa za ndani zinaweza kufanya video imetemete? Umeme wa Kenya ni wa hezi 50; ukirekodi kwa picha 25 kwa sekunde, tatizo hupungua.

• Ngurumo ya upepo wa kileleni hukaa hasa kwenye sauti nzito? Punguza masafa ya chini ya hezi 100, na maneno yatasikika vizuri zaidi.

• Programu ikisema faili halionekani, huenda halijapotea? Kwa kawaida mradi huhifadhi njia ya kulifikia faili, si video yenyewe. Nakili video zote kwenye kompyuta kabla ya kuanza, na usizihamishe.

• Flashi ya mfumo wa FAT32 haipokei faili la GB 4 au zaidi? Toa vilivyomo, kisha uifomati kwa exFAT.

Na usifute video ya simu kabla hujatazama kazi iliyokamilika hadi mwisho.