Mkonga Upi, na wa Chesisi Ipi?

Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, akinunua spea isiyoingia, kosa lake humgharimu mwendo wa miguu. Anairudisha dukani, anabishana kidogo, anahamia duka la pili, na kabla jua halijazama gari limeshafungwa. Mwenye gari wa Muleba, mkoani Kagera, hana nafasi hiyo. Spea aliyoiagiza kwa simu imelala kwenye buti la basi kwa zaidi ya kilomita 1,300, imeshushwa kando ya barabara, imepanda bodaboda mpaka gereji, na hapo ndipo inapogundulika kuwa imepungua jino moja. Soko la Kisekka mjini Kampala liko karibu zaidi, takribani kilomita 300 kutoka Bukoba kwa njia ya Mutukula, lakini katikati kuna mpaka, forodha na shilingi mbili zisizolingana. Kote kuwili, kurudisha mzigo ni nauli mpya, siku mpya na ugomvi mpya, huku gari likiwa limepandishwa juu ya magogo. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba namba ya spea, ambayo wengi huiona kama mbwembwe za mafundi wa kompyuta, ina manufaa makubwa zaidi kwa mtu wa Nshamba au Kamachumu kuliko kwa mtu wa Kariakoo. Wa Kariakoo anaweza kujaribu na kukosea. Wa huku anapaswa kupatia mara ya kwanza.

Tatizo linaanzia kwenye majina. Tunasema “mkonga” kwa sababu ya bomba la kuvutia hewa linalopanda ubavuni mwa kioo cha mbele, na tunadhani tumeshalitaja gari. Kumbe tumetaja bomba tu. Chukua Land Cruiser mbili za kubebea mizigo, HZJ75 na HZJ79. Zote zinatumia injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita yenye ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, na ukizisikia zikipanda mlima gizani hutazitofautisha. Lakini HZJ75 ina springi za bapa mbele na magurudumu ya nati sita, ilhali HZJ79, iliyokuja mwaka 1999, ina springi za koili mbele na nati tano. Kwa filta ya oili, jina “mkonga” huenda likakuokoa. Kwa beringi za habu, shokapu au bushi za mbele, litakuangusha. Tena mwaka 2007 familia hiyo ya Land Cruiser ilibadilishwa pua: boneti, madagadi na taa za mbele vikawa vingine. Anayeagiza “taa ya mkonga” basi anaacha maswali mawili bila majibu, na muuzaji aliye mbali atayajibu kwa kukisia.

Prado ni mtihani mgumu zaidi, maana ndani ya umbo moja mna magari kadhaa. Ile tunayoiita Prado 95, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1996 hadi 2002, inaweza kuwa KZJ95 yenye dizeli ya 1KZ-TE, RZJ95 yenye petroli ya 3RZ-FE, VZJ95 yenye petroli ya V6 iitwayo 5VZ-FE, au, kuanzia mwaka 2000, KDJ95 yenye dizeli ya 1KD-FTV. Herufi hizo hazikuwekwa kiholela. Zile za mwanzo zinataja ukoo wa injini, J inataja ukoo wa Land Cruiser, na tarakimu zinazofuata zinataja kizazi na umbo: KZJ90 ni fupi ya milango mitatu, KZJ95 ni ndefu ya milango mitano. Mtu akishajua kuisoma kodi hii, yaani msimbo wa modeli, swali la “ni ya dizeli au petroli?” linakuwa limejibiwa kabla halijaulizwa. Mwaka wa gari, ambao ndio swali la kwanza la wauzaji wengi, ni shahidi dhaifu kuliko kodi. Mwaka wa usajili hapa nchini hauna uhusiano na mwezi gari lilipotoka kiwandani, nayo katalogi hutenganisha spea kwa mwezi wa utengenezaji. Magari mawili ya mwaka mmoja yanaweza kuangukia pande mbili za mstari huo.

Utambulisho wa kweli umepigwa kwenye chuma. Kuna kibati ndani ya chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango, na kuna namba iliyochongwa kwenye chesisi yenyewe; katika Land Cruiser nyingi iko karibu na gurudumu la mbele la kulia, chini ya tope la msimu mzima. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani huwa na namba fupi: kodi ya modeli, kistari, kisha tarakimu saba. Gari lililotengenezwa kwa masoko mengine huwa na namba ya herufi na tarakimu 17, isiyotumia kamwe herufi I, O wala Q ili zisichanganywe na 1 na 0. Kwa hiyo ukiona O ndani ya namba ya aina hiyo, jua aliyeinakili amekosea, ni sifuri. Kwa Kagera jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa mkoa huu umepakana na Uganda, inayopita kushoto kama sisi, na pia Rwanda na Burundi, zinazopita kulia. Magari ya usukani wa kushoto hayajawahi kuwa mageni hapa. Kodi kamili ya modeli hutaja pia upande wa usukani, na gari la usukani wa kushoto haliwezi kuvaa boksi la usukani la mwenzake wa kulia, hata kama yamefanana kama mapacha.

Baada ya chesisi ndipo inapokuja namba ya spea yenyewe. Kwa Toyota ni herufi na tarakimu kumi zilizogawanywa tano kwa tano, na sehemu ya kwanza hutaja aina ya kitu: 90915 ni filta ya oili, 17801 ni filta ya hewa, 04465 ni pedi za breki za mbele, 16100 ni pampu ya maji, 31250 ni plati ya klachi, 48531 ni shokapu ya nyuma. Tano za pili hutaja ni ya gari au injini ipi. Mara nyingi 60 mwanzoni mwake huashiria ukoo wa Land Cruiser, 35 ukoo wa Hilux na ndugu zake, 12 ukoo wa Corolla. Spea ya rangi huongezewa alama mbili za rangi mwishoni. Faida ya kujua hivi ni ya moja kwa moja: muuzaji akikutajia namba inayoanza na 48531 wakati umeomba shokapu ya mbele, utamkamata hapo hapo kwenye simu, kabla pesa haijatumwa. Utajua vilevile kwamba “kulia” na “kushoto” katika katalogi ni vya dereva aliyeketi akitazama mbele, wala si vya fundi aliyesimama akiitazama boneti.

Wapo watakaosema haya yote ni mzunguko, kwani sampuli ipo: fungua spea ya zamani, iweke mezani kwa muuzaji, achague inayofanana. Kwa bushi au mpira wa breki, hoja hiyo inasimama. Lakini sampuli inaeleza umbo, na spea nyingi hutofautiana pasipoonekana. Mfano ulio wazi ni difu. Krauni yenye meno 41 juu ya pinioni yenye meno 10 inatoa uwiano wa 4.10, yenye meno 43 inatoa 4.30. Kwa nje makasha yake yanaweza kufanana kabisa, nati kwa nati. Mtu akiweka difu ya 4.30 nyuma huku ya mbele ikiwa 4.10, gari litatembea vizuri kwa magurudumu mawili, hata kwa miezi. Siku atakayofunga fowili kwenye utelezi wa masika, ekseli moja itataka kuzunguka kwa karibu asilimia tano tofauti na nyingine. Kwenye tope tairi zitateleza na kulificha kosa. Kwenye ardhi ngumu mfumo mzima utajikaza mpaka kitu kikatike. Uwiano huo umeandikwa kwa kodi kwenye kibati, mstari wa gia na ekseli. Aliyekuja na sampuli bila kuhesabu meno hakuwa na njia ya kuujua. Isitoshe, sampuli yenyewe inaweza kuwa kosa la mtu aliyetangulia: ukiiga spea isiyo sahihi, unalirithi kosa lake pamoja na ubovu wake.

Pingamizi la pili ni la heshima zaidi: fundi mzoefu anajua. Ni kweli, na makala haya hayakusudii kumvua fundi kofia yake. Namba haiwezi kusikia mlio wa beringi inayoanza kulia, wala haiwezi kusema kama gari linavuta upande kwa sababu ya boljointi au kwa sababu ya kaliba ya breki iliyokwama. Kujua ni kipi kimekufa ni kazi ya sikio, mkono na miaka. Lakini kujua ni kipi kitaingia ni kazi nyingine, na kumbukumbu ya mtu mmoja, hata awe hodari vipi, haiwezi kubeba maelfu ya tofauti ambazo kiwanda chenyewe kililazimika kuziandika. Fundi bora wa Bukoba hapungukiwi na chochote akifungua katalogi. Daktari naye husoma maandishi ya kwenye chupa kabla ya kuchoma sindano.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote. Magari mengi ya huku yameshabadilishwa: Prado iliyochoka na 1KZ imepewa injini nyingine, giaboksi imetoka kwenye gari lililoanguka, ekseli imehamishwa. Namba ya chesisi itasema ukweli gani juu ya gari la namna hiyo? Jibu ni kwamba gari lililobadilishwa lina vitambulisho viwili au vitatu, na kila spea inafuata kitambulisho cha mama yake. Breki, usukani, milango na vioo vinaulizwa kwa chesisi. Pampu ya maji, gasketi na filta vinaulizwa kwa namba iliyopigwa kwenye bloku ya injini iliyomo sasa, hata kama kadi ya gari bado inataja ile ya zamani. Klachi ni ya kuangaliwa kwa macho mawili, kwani inakaa kati ya injini na giaboksi, na hapo lazima kuhesabu meno ya katikati ya plati na kupima kipenyo chake. Kwa hiyo mabadiliko hayaiondolei namba thamani yake. Yanamtaka mwenye gari ajue ni namba ya nani anayoitaja. Anayeumia zaidi ni yule aliyenunua gari bila kuambiwa lilibadilishwa nini.

Linabaki suala la pesa na la ulaghai. Wengine hudhani namba ni mtego wa kumfunga mtu kwenye spea za kiwanda zenye bei ya juu. Hali ni kinyume chake. Namba ya kiwanda ndiyo lugha ambayo watengenezaji wengine hulinganishia bidhaa zao, kama KYB kwa shokapu, Aisin kwa klachi au 555 kwa tairodi endi, na aliye nayo mkononi anaweza kulinganisha bei za watu wanne badala ya kumtegemea mmoja. Beringi zinaenda mbali zaidi, kwa kuwa nyingi hufuata vipimo vya dunia nzima: 6205 ina shimo la milimita 25, kipenyo cha nje 52 na unene 15, iwe imetoka kiwanda gani. Kuanzia 04, zidisha tarakimu mbili za mwisho kwa tano utapata kipimo cha shimo. Kuhusu feki, ni lazima kukiri: hakuna kitu rahisi kuchapisha kwenye boksi kama namba. Namba huthibitisha ulichoomba, haithibitishi ulichopewa. Ubora unabaki kutafutwa kwa uzito, kwa ung’avu wa kazi, kwa muuzaji anayekubali kuandika risiti yenye namba ileile. Lakini feki yenye vipimo sahihi na spea halisi isiyoingia ni matatizo mawili tofauti, na hili la pili linaweza kuzuiwa bila kutoa hata shilingi.

Kuna neno moja la muuzaji linalostahili kuchunguzwa: “hiyo haitengenezwi tena.” Mara nyingi kilichokufa ni namba tu. Viwanda huboresha spea na kuipa namba mpya inayopokea kazi ya ile ya zamani, na katalogi huonyesha mrithi huyo. Mwenye namba ya zamani anaweza kumfuata mrithi. Mwenye jina la gari pekee hana pa kuanzia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na gari ni mali. Daftari lenyewe ni dogo: picha ya kibati iliyopigwa mchana kikiwa kimefutwa, namba ya chesisi, namba ya injini iliyomo, kodi ya ekseli, na kila spea iliyowahi kuingia ikaandikwa na namba yake na tarehe. Kazi hiyo inamalizika asubuhi moja. Halafu siku difu itakapolia kwenye mteremko wa Rubya, simu itakayopigwa Dar es Salaam au Kampala haitaanza kwa “nina mkonga hapa.” Itaanza kwa kusoma chesisi polepole, herufi kwa herufi, na kumtaka muuzaji airudie.