Mvua ya Matamba na haraka ya mwinjilisti

Nchini Marekani wapo watu ambao, wengine wakikimbia dhoruba, wao huwasha gari wakaifuata. Huitwa wawindaji wa dhoruba. Msimu wao mkubwa ni kati ya Aprili na Juni. Hulala kwenye nyumba za wageni za kando ya barabara, hula wanachokipata kwenye vituo vya mafuta, na kwa siku moja wanaweza kuendesha mamia ya kilomita katika majimbo kama Oklahoma, Kansas na Texas, wakitafuta wingu moja litakaloteremsha kimbunga. Mmoja wa waanzilishi wao, David Hoadley, aliianza shughuli hiyo mwaka 1956 akiwa kijana.

Nilipowasoma mara ya kwanza niliwaona kama watu waliokosa kazi ya kufanya. Kisha nikafika kwa Tim Samaras. Huyu alikuwa mhandisi. Alitengeneza vyombo vizito vya kupimia, vifupi, vyenye umbo mfano wa kawa la kufunikia chakula, akawa anaviweka chini mahali kimbunga kinapoelekea, kisha anaondoka haraka. Tarehe 24 Juni 2003, karibu na Manchester, South Dakota, kimbunga kilipita juu ya chombo chake kimoja, nacho kikapima mgandamizo wa hewa ukishuka kwa milibari 100. Alitaka vimbunga vieleweke vizuri zaidi, ili watu wapate tahadhari mapema.

Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, kimbunga ambacho upana wake ulifikia kilomita 4.2 kiligeuza mwelekeo, kikamkuta barabarani. Alikufa pamoja na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Waliomfahamu walisema alikuwa mwangalifu kuliko wengi wa kazi ile.

Habari hiyo imenikaa kichwani kwa sababu mimi pia niliwahi kuifuata dhoruba. Tofauti ni kwamba sikuwa na chombo cha kupimia, wala sababu nzuri. Ilikuwa Chimala, au niseme juu ya Chimala.

Msomaji aliyewahi kusafiri kati ya Iringa na Mbeya anaujua mji huo. Uko kilomita 80 hivi kabla ya kufika Mbeya. Ni mji wa malori ya Tunduma, wa mchele wa Usangu, na wa wagonjwa wanaokuja hospitali ya misheni. Upande wa kusini mlima umesimama kama ukuta, na juu ya ukuta huo inapanda barabara ya Matamba, wilayani Makete. Ina kona 57, na wenyeji wanaiita kwa idadi yake: Hamsini na Saba. Ukimaliza kuzihesabu, kama tumbo limekuruhusu kuhesabu, umeacha joto la bondeni na sasa unatafuta sweta. Mbele zaidi ni Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi, mahali palipoitwa Bustani ya Mungu muda mrefu kabla Serikali haijapafanya hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Mvua ya pale ina tabia yake. Mikoa ya nyanda za juu kusini ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Asubuhi anga huwa safi. Jua likishapasha bonde la Usangu, hewa yenye unyevu hupanda, inagonga mlima, inalazimika kupanda zaidi, inapoa, na kufikia saa nane mchana wingu limeshajengeka. Madereva wa viazi hawajasoma hayo darasani, lakini wanayajua kuliko mimi niliyeyasoma.

Miaka kadhaa iliyopita, Jumamosi moja ya Februari, nilikuwa Matamba kwenye semina. Kesho yake nilitakiwa kuhubiri Chimala, kwenye ibada ya harambee ya bati. Wageni walikuwa wanatoka Mbeya. Nilipata nafasi kwenye fuso iliyojaa viazi mviringo, magunia ya lumbesa yaliyoshonwa hadi yakatoa vichwa. Dereva alikuwa mzee mtulivu. Aliwasha gari, akatazama ukingo wa mlima, akazima.

“Leo hatushuki,” alisema. “Tutalala hapa.”

Saa tisa ilikuwa haijafika. Nikamwambia, “Mzee wangu, twende kwa imani. Bwana alituliza dhoruba ziwani, hatashindwa na hii.”

Akanijibu bila ukali. “Mwinjilisti, pale ziwani ni Bwana mwenyewe aliyesema wavuke. Leo nani amesema tushuke?”

Sikuwa na jibu, na mtu asiye na jibu hukasirika. Nilichukua begi langu, nikahamia kwenye kenta iliyokuwa inaondoka. Dereva wake kijana alikuwa na haraka kama yangu, na nilimpa moyo. Nyuma, juu ya magunia, alikaa utingo wa miaka kama 18.

Mvua ilitukuta katikati ya kona. Wakati ule barabara ilikuwa ya udongo, na kwa dakika chache tu ikawa mto. Tairi za nyuma zikaanza kutelea kuelekea bondeni. Utingo akaruka chini na kabari, akaiweka, gari likashika. Tukasogea kidogo, likateleza tena. Akaruka tena. Mara ya tatu tairi lilipita juu ya kabari na juu ya mkono wake.

Alilia mara moja tu, kisha akanyamaza. Tuliliacha gari pale pale, tukashuka naye kwa miguu gizani, mkono umefungwa kwa shati langu la kesho. Hospitalini waliuokoa mkono. Vidole viwili havikuokoka.

Jumapili nilihubiri. Nilikuwa nimeandaa Marko 4, habari ya dhoruba kutulizwa. Sikumbuki nilisema nini. Bati zilipatikana. Mzee wa fuso alishuka saa nne asubuhi, viazi vyake vyote salama, akaja kunipa pole na kuuliza hali ya kijana. Hakuongeza neno, na hilo lilinichoma kuliko kama angenisema.

Tangu siku hiyo nasoma Matendo 27 kwa namna nyingine. Mtume Paulo, mfungwa, anawaambia wenye safari kwamba majira yamekwisha kuharibika na mbele kuna hasara. Akida anamsikiliza nahodha na mwenye merikebu. Watu 276 wanaingia kwenye tufani ambayo walishaonywa. Kwa miaka mingi nilipoifundisha habari hiyo nilijiweka upande wa Paulo bila hata kufikiri, kwa kuwa mimi ndiye mwenye Biblia mkononi. Lakini siku ile Matamba, Paulo alikuwa ameshika usukani wa fuso, na mimi nilikuwa mwenye merikebu.

Tuna namna ya kuzungumza kanisani inayoniogopesha sasa. Tunasema “kwa imani” na maana yake ni kwamba tuna haraka. Basi la kwaya linasafiri usiku kucha ili lirudi kabla ya ibada, dereva hajalala, na tunaomba badala ya kumpa kitanda. Mjane anaahidi kwenye harambee kiasi asichokuwa nacho kwa sababu mchangishaji amemtazama. Aliyesema “twende” amekaa mbele kwenye kiti, na nyuma juu ya magunia kuna mtu mwenye kabari.

Nasikia pia Wakristo wakiucheka utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ule unaotolewa kila mwaka kabla ya msimu wetu. Mwenye mvua ni Mungu, wanasema. Ni kweli. Lakini Elia, ambaye mwenyewe ndiye aliyeiomba mvua, aliposikia kuna kawingu kadogo kama kiganja cha mtu alimtumia Ahabu ujumbe aandae gari ashuke, mvua isije ikamzuia. Na katika Luka 12 Bwana hakuwakemea watu kwa kuyasoma mawingu. Aliwakemea kwa sababu waliyasoma hayo wakashindwa kuzisoma nyakati zao wenyewe.

Simlaumu Samaras. Aliingia barabarani ili mwingine, asiyemjua, apate dakika chache zaidi za kukimbia, na gharama ikawa yake na ya watu wake. Hata hivyo, nadhani mjane wake ana haki ya kuuliza maswali ambayo mimi sina haki ya kuyajibu. Swali langu mimi ni dogo na lina jibu. Niliingia kwenye mvua kwa ajili ya ratiba yangu, na kijana wa watu akalipa.

Yule kijana nilimwomba msamaha akiwa bado wodini. Alishangaa, akasema ile ni kazi. Mama yake hakushangaa. Alinitazama kwa muda mrefu, akasema asante kwa sabuni niliyoleta.

Siku hizi yeye mwenyewe ni dereva wa fuso, na nikipita Chimala humtafuta. Mara ya mwisho ilikuwa Januari. Nilimkuta stendi, mchana, gari limeshapakiwa mbolea ya Matamba. Nilimuuliza kama anapanda, maana nilikuwa na mgonjwa wa kumwona huko. Aliinua ule mkono wa vidole vitatu akaonyesha mlimani. Wingu lilikuwa limeanza, jeupe bado, dogo.

“Kesho asubuhi, Mwinjilisti,” alisema.

Nikavuta kiti kwa mama ntilie, nikaagiza chai.