Likasi: Mtoto Aliyeumizwa Anaandikwa Wapi?

Kila kituo cha afya cha Likasi, mji wetu wa kusini mwa Kongo, kiwe cha Kikula, cha Panda au cha Shituru, kina daftari la wagonjwa, na daftari lina nafasi ya kuandika mgonjwa kaletwa kwa nini. Kwa watoto majibu ni yale yale: homa, kuhara, kifua, ameanguka, ameungua. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayonishughulisha. Mtoto wa Likasi huanguka kweli, kwa sababu hupanda miembe na hubeba ndoo ya maji iliyomzidi nguvu. Huungua kweli pia, maana mbabula ya makaa huwekwa chini uani, na juu yake sufuria ya maji ya bukari. Muuguzi akiandika "ameungua" hajasema uongo. Ila bado hajasema kitu.

Habari yenyewe imo kwenye ngozi. Maji ya moto yakimmwagikia mtoto kwa bahati mbaya huruka na kuteremka: jeraha huwa pana juu, hupungua kadiri maji yanavyopoa, na pembeni kuna alama za matone. Mkono ulioshikwa na kuzamishwa majini huungua kwa namna nyingine. Ngozi imebabuka sawasawa pande zote, kisha inaishia ghafla kwenye mstari ulionyooka juu ya kiwiko cha mkono, kama ukingo wa glavu. Hakuna tone lililoruka. Mtoto akigusa maji ya moto huchomoa mkono kabla hata hajawaza. Mstari ule maana yake ni kwamba hakupewa nafasi ya kuuchomoa.

Michubuko nayo ina mahali pake. Mtoto anayekimbia huumia magotini, kwenye miundi, kwenye paji la uso. Sikio, shingo, tumbo, mgongo na matako si mahali mtoto anapochubuka kirahisi kwa kuanguka. Na mtoto mchanga ambaye hata kugeuka hajaanza hana sababu ya kuwa na mchubuko wowote; akiwa nao, muuguzi asimwache aende nyumbani bila kuchunguzwa zaidi. Kwenye ngozi nyeusi alama hazijionyeshi kwa rangi kama vitabu vya Ulaya vinavyochora, kwa hiyo mlete mtoto karibu na dirisha, mwanga umjie ubavuni, kisha mpapase taratibu kutafuta uvimbe. Jicho peke yake halitoshi.

Lakini kuna upande wa pili, na haraka imeshaharibu mengi huko. Watoto wetu wengi huzaliwa na baka la bluu juu ya matako ambalo hufifia lenyewe miaka inavyopita. Wengine wana chale za mganga kifuani. Mama akituhumiwa kwa baka la kuzaliwa, hatarudi kituoni, hata kwa chanjo. Ndiyo maana swali la kwanza si nani kamfanyia. Ni kama maelezo tunayopewa yanalingana na jeraha tunaloliona, na kama mtoto wa umri huu anaweza kujiumiza hivyo mwenyewe.

Hata wenye elimu kubwa walichelewa kuuliza. Mwaka 1860, daktari wa Paris aitwaye Ambroise Tardieu, aliyezoea kuchunguza maiti kwa ajili ya mahakama, alichapisha habari za watoto 32 walioteswa. 18 kati yao walikufa, na watesaji wengi walikuwa wazazi wenyewe. Wenzake hawakuyatilia maanani. Ikapita karne nzima. Mwaka 1962, Henry Kempe na wenzake wa Denver, Marekani, waliuliza hospitali kadhaa, na 71 zikajibu: watoto 302 kwa mwaka mmoja, 33 wamekufa, 85 wamebaki na madhara ya ubongo ya kudumu. Picha za eksirei zilikuwa zimekuwepo kwa miongo kadhaa, na mifupa iliyovunjika na kuungana na kuvunjika tena ilionekana humo. Kilichokosekana ni daktari aliye tayari kuamini kwamba mzazi mpole aliyeketi mbele yake anaweza kuwa ndiye. Kempe mwenyewe aliliandika hilo bila kuwaficha wenzake.

Likasi tatizo letu ni tofauti. Sisi tunaamini upesi, ila tumezoea. Mji huu ulijengwa juu ya shaba, na mishahara ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipokauka, familia nzima zilishuka machimboni. Shinkolobwe, iliyo karibu na hapa, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima. Serikali iliufunga mgodi huo mwaka 2004, wakati wachimbaji wadogo walikuwa wamejaa humo, na watoto pamoja nao. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Kongo. Amnesty International ikaja na ripoti yake juu ya uchimbaji wa kobalti Januari 2016, na kwa muda kidogo dunia iliyabeba majina ya miji yetu pamoja na simu zake zenye kobalti. Kisha ikaendelea na mambo yake. Mtoto anayeosha mawe mtoni bado anapita mbele ya shule asubuhi, na mwalimu anamwitikia salamu.

Mwalimu huyo anajua mengi kuliko anavyodhani. Anamjua anayesinzia kabla ya saa nne, anayekohoa vumbi, mwenye vidole vilivyopasuka, anayekosa shule siku zile zile kila wiki. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, kwa hiyo dawati tupu haliwezi tena kuelezwa kwa neno "karo" peke yake. Anamwona pia msichana aliyekuwa mchangamfu ambaye tangu Pasaka hataki kuketi karibu na mtu, au anayejua mambo ya kitandani ambayo hakupaswa kuyajua kwa umri wake. Hakuna dalili hata moja kati ya hizi inayothibitisha kitu. Mtoto huweza kunyamaza kwa sababu bibi yake amefariki. Zikija tatu kwa pamoja, ni wakati wa kuzungumza naye. Nami naona shule zetu zina kazi ya kufanya zenyewe kwanza: mwalimu anayemchapa mtoto kwa kuchelewa, wakati mtoto amechelewa kwa sababu ametoka kubeba gunia, amejifungia mlango ambao ndio mtoto angeupitia kuja kumweleza.

Kuzungumza naye kuna namna yake. Mahali patulivu, mlango ukiwa wazi kiasi, mtu mzima ameketi chini sawa na mtoto. "Papa, mkono huu ulipatwa na nini?" Kisha kunyamaza, hata kama kimya kinauma. Si "Ni baba mdogo aliyekuchoma, sivyo?" Swali hilo linampa mtoto jibu mkononi, na siku ya kesi wakili atalitumia kumbomoa. Usimwahidi kwamba itabaki siri yenu, kwa sababu haitabaki. Usimuulize "kwa nini hukusema mapema." Akisema jambo, liandike kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha Katanga, Kifaransa cha polisi kitafuata baadaye. Na usimrudishe kwa mkurugenzi, kisha kwa mchungaji, kisha kwa chifu wa mtaa, kila mmoja akimtaka aanze upya.

Anayedhani karatasi ni kazi ya makarani tu na ayatazame ya Kavumu, kaskazini mwa Bukavu. Kati ya 2013 na 2016 wasichana wapatao 40, wengine hawajafika hata miaka 2, waliibwa usiku vitandani na kubakwa. Kwa muda mrefu kila kesi ilichukuliwa peke yake, msiba wa nyumba moja. Ni wahudumu wa hospitali ya Panzi, ya Daktari Denis Mukwege, waliokuwa wakiwapokea watoto hao mmoja mmoja, wakatambua kwamba wanatoka sehemu ile ile na majeraha yao yanafanana. Faili za matibabu zikawekwa pamoja. Watoto walihojiwa na wataalamu na kurekodiwa kwa video ili wasisimamishwe mbele ya washtakiwa. Tarehe 13 Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliyohamia Kavumu kwenyewe ilimhukumu Frédéric Batumike, mbunge wa jimbo, pamoja na wanaume kumi wengine, kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mwaka uliofuata rufaa yao ilikataliwa. Hasira ilikuwepo Kavumu tangu siku ya kwanza, lakini kesi ilisimama juu ya yale yaliyokuwa yameandikwa.

Kuhusu karatasi za daktari kuna jambo jingine ambalo wengi wetu hatulijui. Familia hudhani daktari akimpima msichana na kukuta "yuko sawa", basi hakuguswa. Si kweli. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2002, wa watoto 2,384 walioletwa kwa kushukiwa kudhulumiwa kingono, ulikuta kwamba zaidi ya 95 katika kila 100 hawakuwa na alama yoyote mwilini. Cheti kisicho na jeraha hakimfanyi mtoto kuwa mwongo, na daktari anayejiheshimu huandika hivyo kwenye cheti chenyewe. Kinachoharakisha ni saa. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72 tangu mtoto abakwe. Anayesema "tusubiri baba arudi kutoka Kolwezi Jumapili" anamnyima mtoto dawa hizo.

Sheria tunazo. Katiba ya 2006, ibara ya 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa, na hata kumsingizia uchawi. Sheria ya Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inampeleka anayemsingizia mtoto uchawi jela mwaka 1 hadi 3, na kumbaka mtoto ni miaka 7 hadi 20. Sheria za Julai 2006 zimeondoa ruhusa ya kumaliza kesi ya ubakaji kwa faini ya polisi. Mbuzi wawili na bahasha ya faranga mezani kwa chifu havina nguvu yoyote, ingawa kila mtu Kikula ameshaona mambo yakimalizwa hivyo, wazee wakitikisa vichwa kwa kuridhika, na binti akiwa chumba cha pili akiosha vyombo.

Sheria hizo za 2006 zina orodha inayostahili kubandikwa ukutani kila ofisi. Zinaongeza maradufu adhabu ya chini kwa mbakaji aliyetumia nafasi yake, na zinamtaja mzazi, mwalimu, mtumishi wa serikali, mhudumu wa dini, mganga wa hospitali na wa jadi, hata afisa wa ustawi wa jamii. Ukiisoma vizuri utaona ni sisi wenyewe, wale wale tunaotakiwa kumlinda mtoto. Kwa hiyo hakuna shule inayoweza kusema mwalimu wake ni mtu wa heshima na kumaliza mjadala, na hakuna kanisa la uamsho linaloweza kumfungia mtoto siku tatu bila chakula kwa jina la maombi.

Taarifa ikishafika polisi au ofisi ya ustawi wa jamii, linabaki swali ambalo makala kama hii hulikwepa: leo usiku mtoto analala wapi? Sheria ya 2009 inamruhusu mfanyakazi wa jamii kumweka mtoto aliye hatarini katika familia nyingine au kituo kinachokubalika, chini ya jicho la hakimu wa watoto. Kwa Likasi mara nyingi hiyo ina maana shangazi wa Panda mwenye watoto sita wake mwenyewe, na unga usiotosha. Shangazi huyo akiachwa peke yake, mwezi hautaisha kabla ya mtoto kurudi alikotoka. Kwa hiyo mtu mmoja, mwenye jina kwenye faili, apangiwe kumtembelea, amuulize shangazi kama unga upo, kisha apite shuleni amuulize mwalimu kama mtoto yuko darasani. Mwalimu ndiye atakayekuwa wa kwanza kujua kama amerudishwa kimyakimya kwa mtu yule yule aliyemuumiza.