Matatu: Mchezo wa Karata Unaokatwa na Saba

Mwenye saba ya aina inayokata anaweza kuumaliza mchezo wa matatu papo hapo, hata kama bado ana karata nne mkononi na mwenzake amebakiwa na moja tu. Ila akishaitupa saba hiyo, wote wawili hufunua karata zao na pointi huhesabiwa. Mwenye nyingi ndiye aliyeshindwa, awe yeye aliyekata au mwenzake. Sheria hii moja ndiyo inayougeuza mchezo unaoonekana wa kupotezea muda kuwa mtihani mkali wa hesabu, na ndiyo inayoufanya uwe jirani wa karibu wa ile poka ya Texas Hold'em inayochezwa kwenye makasino ya dunia.

Kwa msomaji wa Nairobi, hapa hatuzungumzii gari la abiria. Nchini Uganda, matatu ni mchezo wa karata unaojulikana pengine kuliko mwingine wowote, kiasi kwamba kampuni ya Kampala iitwayo Kola Studios iliutengenezea programu ya simu. Mjini Mbarara utawakuta waendesha bodaboda wakiucheza stendi wakisubiri abiria. Ukiingia wilaya ya Isingiro mpaka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, utaukuta tena, mara nyingi juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa.

Kuujifunza ni kazi ya dakika chache. Kila mchezaji hugawiwa karata saba. Karata moja hufunuliwa na kuchomekwa chini ya fungu, nusu yake ikichungulia nje, na aina yake ndiyo inayokata. Ikiwa ni kopa, basi saba ya kopa ndiyo yenye kisu. Zamu yako ikifika, unatupa karata inayolingana na ile ya juu kwa aina au kwa namba. Usipokuwa nayo, unaokota moja kutoka kwenye fungu. Mbili humlazimisha mwenzako aokote mbili. Nane na jeki humruka, na mkiwa wawili maana yake unacheza tena. Ree, ile yenye herufi A, hukupa haki ya kutaja aina unayoitaka. Anayemaliza karata zote ameshinda, labda saba iwahi kutua kabla yake.

Katika hesabu iliyozoeleka, karata za namba zina thamani ya namba zao, jeki ni pointi 11, malkia 12, mfalme 13, ree 15, na mbili ni 20. Tazama mtego ulivyotegwa: karata zenye nguvu kubwa ya kushambulia ndizo zenye mzigo mkubwa pointi zinapohesabiwa. Anayehifadhi karata mbili zenye namba 2 kwa ajili ya shambulio la mwisho amekalia pointi 40, na saba ikianguka wakati huo hana pa kukimbilia.

Sasa tuingie kwenye hesabu yenyewe. Mko wawili, karata ni 52 bila jokeri, na mchezo haujaanza. Unaziona karata zako saba na ile moja iliyochomekwa. Zimebaki 44 usizozijua, na saba kati ya hizo anazo mwenzako. Ikiwa saba inayokata si yako, nafasi ya kwamba iko mkononi mwake ni 7 kwa 44, yaani asilimia 16 hivi. Mchezo ukisonga hesabu hubadilika. Tuseme karata 15 zimeshatupwa, saba haijaonekana, nawe umebaki na nne. Usizozijua sasa ni 32. Mwenzako akiwa na nne, nafasi yake ya kuwa na saba ni moja kwa nane. Lakini ukiwa umemtandika mbili zako mpaka amefikisha karata nane, nafasi hiyo imekuwa moja kwa nne. Umemtwika mzigo, na papo hapo umemwongezea uwezekano wa kuipata silaha. Kinachokuokoa ni kwamba mwenye karata nane nzito haoni faida ya kukata. Atajaribu kwanza kuupunguza mzigo, na hapo ndipo unapopata muda wa kumaliza.

Hapo hapo kuna jambo ambalo wachezaji hodari hulifanya bila kulitaja. Tuseme mwenzako alipata nafasi ya kukata akiwa na karata chache ndogo, wala hakukata. Kutokukata kwake ni habari: huenda saba hana, na wewe unaipunguza ile asilimia kichwani.

Texas Hold'em huendeshwa kwa hesabu ya jamaa moja. Kila mtu hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano za wote hufunuliwa mezani: tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu moja. Kati ya hizo saba, kila mmoja huchagua tano zilizo bora, na baina ya hatua hizo watu huweka dau. Ukiwa na shupaza mbili mkononi na mezani zimetoka mbili nyingine kati ya zile tatu za kwanza, unahitaji shupaza moja tu kupata tano za aina moja. Zimebaki shupaza 9 kati ya karata 47 usizoziona, yaani asilimia 19 kwa karata ijayo. Hesabu usizoziona, hesabu zinazokufaa, gawanya. Kijana wa Nakivale aliyekomaa kwenye matatu hahitaji kufundishwa fikra hii upya.

Hesabu zote hizo, hata hivyo, zinasimama juu ya sharti moja: karata ziwe zimechangwa sawasawa. Mipangilio inayowezekana ya karata 52 ni mingi kiasi kwamba idadi yake huandikwa kwa tarakimu 68. Mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha kwamba kuligawa fungu nusu kwa nusu na kuziingiza karata moja moja kati ya nyingine kunahitaji kurudiwa kama mara saba ndipo zichanganyike vya kutosha. Lakini mezani wengi hawachangi hivyo. Hushika fungu mkono mmoja na kuangusha vitita mkono wa pili. Kwa mtindo huo hesabu inafika maelfu ya mara.

Kwenye matatu kasoro hii ina uzito wa pekee, kwa sababu mchezo wenyewe hupanga karata. Kila karata hutupwa juu ya nyingine ya aina yake au namba yake, hivyo fungu linalokusanywa mwishoni limejaa misururu: kopa nne zimefuatana, halafu tisa mbili, halafu pau tatu. Changa kivivu, na misururu hiyo inarudi mzimamzima. Aliyekumbuka alichokitupa mchezo uliopita anaona mbele kuliko wewe. Ongeza uchakavu: karata zilizopita mikono mingi huwa na kona iliyopinda hapa, alama ya jasho pale, na mwenyeji huitambua saba ya kopa kwa mgongo wake. Huo si ujuzi tena.

Nakivale, iliyofunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, leo ina Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine, na Kiswahili huwaunganisha wengi wao. Watu kama hao hawaleti sheria moja mezani. Aliyepitia Kenya ameuzoea mchezo uitwao poka, ambao ni ndugu wa matatu zaidi kuliko wa Texas Hold'em: huko tatu nayo huokotesha, mfalme hurudisha zamu nyuma, na anayekaribia kumaliza asipotangaza "niko kadi" ushindi wake haukubaliki. Saba ya mchezo huo haikati chochote. Migogoro mingi ya mezani huanzia hapo, wala si kwenye udanganyifu.

Jambo la pesa nalo lisemwe wazi. Sheria ya Uganda ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya mwaka 2016 inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kushiriki michezo ya kamari. Matatu haihitaji dau ili iwe tamu. Pointi zake zinatosha kuleta ubishi wa jioni nzima.

Kwa hiyo ukialikwa mezani, Mbarara au Nakivale, kubalianeni kwanza kama jokeri yumo na kama saba inakata. Kisha omba wewe ndiye uchange, na uchange mara saba.